Geti Lilipofungwa: Klabu za Soka Ziliishi Vipi Bila Mashabiki?

Tarehe 13 Machi 2020, Wizara ya Afya ilitangaza kisa cha kwanza cha korona hapa Kenya. Siku chache baadaye viwanja vilinyamaza. Hakuna isukuti, hakuna vuvuzela, hakuna mama wa njugu pale nje ya Nyayo. Wengi wetu tulisikitika kwa kukosa burudani ya wikendi. Wachache waliuliza swali gumu zaidi: sasa kipa atalipwa na nani mwisho wa mwezi?

Sisi kazi yetu ni pesa inayopita kwenye simu yako, si kupanga kikosi. Lakini kisa cha klabu zilizocheza bila mashabiki ni kisa cha pesa toka mwanzo hadi mwisho, na kina funzo kwa kila mtu mwenye timu ya mtaa, chama, kikundi cha kina mama au biashara inayotegemea watu kuja mlangoni. Hebu tukipitie pamoja.

Mifuko mitatu ya klabu

Klabu ya soka hula kutoka mifuko mitatu: runinga, wadhamini na geti. Kila klabu ina mfuko inaoutegemea kuliko mingine, na korona ilipokuja ilitoboa mmoja kabisa, ule wa geti.

Kwa wakubwa wa Ulaya, pesa ya runinga ndiyo nguzo. Ndiyo maana walikimbilia kurudi uwanjani hata kama viti vilikuwa vitupu. Bundesliga ya Ujerumani ilirudi tarehe 16 Mei 2020, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata tarehe 17 Juni. Bora mechi ionekane kwenye runinga, mkataba unalipa.

Kwa wadogo hesabu ilikuwa tofauti. Klabu za daraja la tatu na la nne Uingereza, yaani League One na League Two, zilipiga kura Juni 2020 kumaliza mechi za kawaida za msimu kabla ya wakati. Si kwamba hazikutaka kucheza. Kufungua uwanja, kupima wachezaji na kulipa wafanyakazi wa siku ya mechi kungegharimu pesa ambazo zisingerudi, kwa sababu hakuna mtu wa kununua tiketi. Desemba mwaka huo Ligi Kuu ilikubali kuzisaidia klabu za madaraja ya chini kwa mpango wa pauni milioni 250, sehemu yake ruzuku na sehemu kubwa mkopo. Kwa Macclesfield Town, ambayo tayari ilikuwa na madeni kabla ya korona, msaada ulikuja kuchelewa. Mahakama ilikuwa imeagiza ifungwe Septemba 2020.

Huku kwetu, mifuko ilishatoboka

Korona ilipoingia Kenya haikukuta klabu zikiwa zimeshiba. SuperSport ilikuwa imeacha kuonyesha ligi yetu tangu 2017. Mwaka wa 2019 SportPesa, iliyokuwa ikidhamini ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, nayo ikajiondoa kwenye udhamini. Msimu huohuo Sony Sugar ilitolewa ligini baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zake kwa kukosa pesa. Kwa hivyo klabu nyingi zilikuwa zimebaki na mfuko mmoja tu wa kutegemea, nao ni ule wa mashabiki. Halafu mashabiki wakaambiwa wakae nyumbani.

Tarehe 30 Aprili 2020, Shirikisho la Soka la Kenya lilitangaza msimu umekwisha na Gor Mahia ndio mabingwa. Msimu mpya haukuanza hadi mwishoni mwa Novemba, na ulianza bila mashabiki. Machi 2021 michezo ikasimamishwa tena, ikarudi Mei.

Wacha tufanye hesabu ya mfano tu, ya karatasi. Mechi ya mashabiki 5,000, kila mmoja na tiketi ya 200, inaleta shilingi milioni moja. Toa kodi ya uwanja, walinzi, ambulensi na gharama nyingine, klabu inabaki na kitu cha kusukuma wiki: nauli za kwenda Mombasa au Kakamega, chakula cha kambi, na hata marupurupu ya wachezaji. Sasa funga geti. Nauli iko palepale. Chakula kiko palepale. Kinachoongezeka ni vipimo vya korona. Kinachopotea ni ile milioni.

Angalia nani alimaliza juu msimu huo wa 2020/21. Bingwa alikuwa Tusker, klabu ya kampuni ya bia. Wa pili alikuwa KCB, klabu ya benki. Soka ina mambo mengi, na hatusemi kwamba pesa peke yake ndiyo ilifunga mabao. Lakini mchezaji ambaye klabu yake ina mwajiri mkubwa nyuma yake halali akiwazia geti. K'Ogalo na Ingwe ni klabu za jamii. Hazina kampuni mama. Zikikosa mdhamini, mwenye klabu ni wewe shabiki.

Mechi dhidi ya mpinzani asiyeonekana

Kuna klabu moja ya Ujerumani iliyolielewa jambo hili mapema. Lokomotive Leipzig ilikuwa daraja la nne, huko ambako pesa ya runinga haifiki. Ligi iliposimamishwa 2020, klabu ilianza kuuza tiketi za mechi ambayo haipo, dhidi ya mpinzani asiyeonekana. Bei: euro moja, yaani zaidi kidogo ya shilingi 100 kwa wakati huo.

Waliweka lengo. Mwaka wa 1987 klabu hiyo ilicheza nusu fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya dhidi ya Bordeaux, na inasemekana uwanjani kulikuwa na watu 120,000. Basi wakasema: tuvunje rekodi ile. Rekodi ilivunjwa. Tiketi zaidi ya 180,000 ziliuzwa, nyingine kwa watu wa mbali ambao hawajawahi kukanyaga Leipzig.

Tazama walichofanya. Hawakumtafuta tajiri mmoja wa kutoa euro 100,000. Walitafuta watu wengi wa kutoa euro moja moja. Waliwapa sababu ya kutoa, lengo la kufikia, na njia rahisi ya kulipa bila kutoka nyumbani. Mambo hayo matatu hata timu ya mtaa inaweza kuyafanya.

Soo moja kwa simu

Njia rahisi ya kulipa, sisi Wakenya tulikuwa nayo tayari mfukoni. Tena katika kipindi hicho ilikuwa nafuu zaidi. Katikati ya Machi 2020 Benki Kuu na watoa huduma walikubaliana kuondoa ada ya kutuma pesa hadi shilingi 1,000, na nafuu hiyo ikaendelea hadi mwisho wa mwaka. Kiwango cha juu cha muamala mmoja nacho kilipanda kutoka 70,000 hadi 150,000. Nia ilikuwa kupunguza kushikana noti mkononi, lakini ilimfaa pia shabiki aliyetaka kutuma mchango mdogo bila kukatwa.

Mashabiki wa klabu zetu wamezoea kuombwa mchango wa dharura: timu inasafiri kesho, tuma leo. Mchango wa aina hiyo husaidia, lakini haulishi timu. Mtu hutoa mara ya kwanza kwa moyo, mara ya pili kwa huruma, mara ya tatu anazima simu. Klabu inahitaji kitu kinachorudi kila mwezi. Wanachama 1,000 wakitoa 100 kila mwezi ni shilingi 100,000, mvua inyeshe au jua liwake, geti liwe wazi au limefungwa. Si pesa ya kumnunua mshambuliaji. Ni pesa ya kodi ya nyumba kwa vijana kadhaa wa kikosi, na mchezaji asiyefungiwa nyumba hucheza vizuri zaidi.

Kabla hujatuma mchango

Palipo na mchango wa simu, matapeli nao hawakosi. Kwa hivyo, shabiki:

- Pata nambari kutoka kwa klabu yenyewe. Nambari iliyosambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp ilinganishe na ile ya ukurasa rasmi wa klabu.
- Soma jina kabla ya kukamilisha muamala. Jina likiwa la mtu binafsi na si la klabu, simama kwanza, uliza.
- Weka ujumbe wa kuthibitisha. Usiufute. Ndio risiti yako siku ya mkutano wa wanachama.
- PIN haichangwi. Hakuna klabu, afisa wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili mchango wako ufike.
- Ukikosea nambari, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja. Kila dakika inayopita, pesa inaweza kutolewa.

Nawe kiongozi wa timu, hata kama ni timu ya ligi ya kata:

- Usitumie laini ya mweka hazina. Siku akigombana nanyi au simu ikipotea, hesabu zimekwenda nayo. Fungua Paybill au Till kwa jina la timu.
- Paybill ina sehemu ya nambari ya akaunti, itumie. Mwanachama aandike nambari yake ya uanachama, au neno moja kama "nauli" au "mshahara". Mwisho wa mwezi utajua nani ametoa na pesa ni ya nini.
- Zaidi ya mtu mmoja waidhinishe kutoa pesa. Hii humlinda hata mweka hazina mwaminifu.
- Toa hesabu kabla hujaulizwa. Kila mwezi, ujumbe mfupi: tumepokea kiasi gani, tumetumia wapi, kimebaki kiasi gani. Shabiki anayeona soo yake ilienda wapi hutuma nyingine bila kubembelezwa.
- Weka akiba msimu ukiwa mzuri. Kila pesa ya geti ikiingia, tenga sehemu kwenye akaunti ya akiba. Klabu ambayo pesa yake ya Jumapili huisha Jumatano haina kinga geti likifungwa.

Mashabiki wamerudi viwanjani tangu wakati huo, na kelele zimerudi. Ila geti linaweza kufungwa tena kwa sababu nyingine kabisa: uwanja kukarabatiwa, adhabu ya fujo, mvua iliyoharibu barabara. Timu iliyo na orodha ya watu wake, njia safi ya kupokea mia mia zao na hesabu iliyo wazi haitaanza kutafuta msamaria siku hiyo. Kama wewe ni mwanachama wa klabu, kwenye mkutano ujao uliza maswali mawili tu: Paybill yetu iko kwa jina la nani, na tuna akiba ya miezi mingapi?