Pikapu kuukuu: anza na kelele zisizo na madhara

Hilux ya miaka ya 1990 inayobeba saruji Morogoro au kabichi Limuru haitoi kelele moja; hutoa kelele nyingi kwa mpigo, na hapo ndipo shida ilipo. Mwenye gari hulipeleka gereji akisema "linagonga mbele". Fundi analizungusha mtaa mmoja, anarudi na hukumu: shokapu zimekwisha. Zinanunuliwa nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, zinafungwa, na gari linaendelea kugonga kama jana. Safari ya pili lawama inaangukia boljointi, ya tatu bushi, na kila hukumu ina bei yake. Tatizo hapa si ujinga wa fundi wala ubahili wa mwenye gari. Tatizo ni mpangilio wa kazi. Katika gari la umri huo, kelele zinazostahili kutibiwa kwanza ni zile ambazo kila mtu huzidharau: mlango wa nyuma wa bodi unaochezacheza, bati la kukinga joto la ekzosi, jeki iliyolegea nyuma ya kiti, namba ya gari iliyobaki na skrubu moja. Hazimuui mtu, lakini ndizo zinazofunika kelele zinazoweza kuua.

Atakayepinga atasema mambo yamegeuzwa, kwamba usalama hutangulia. Ni kweli unatangulia, ila ukaguzi wa usalama hauhitaji sikio kabisa. Gari linainuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi, gurudumu linashikwa juu na chini, kisha kushoto na kulia, na kutikiswa. Likicheza kushoto na kulia, mtuhumiwa wa kwanza ni tairodi. Likicheza juu na chini, mtu wa pili akanyage breki huku wa kwanza akiendelea kutikisa: mchezo ukipotea, beringi ya gurudumu ndiyo iliyolegea, ukibaki, tazama boljointi, au kingpini ikiwa gari ni lile la ekseli nzima mbele. Nati za tairi zinakazwa, springi zinamulikwa kwa tochi kutafuta ufa. Kinachopatikana kimelegea kinabadilishwa siku hiyohiyo. Nazungumzia gari lililopita ukaguzi huo na bado linapiga kelele, na magari ya aina hiyo ndiyo mengi.

Sababu ya sikio kudanganywa iko kwenye umbo la pikapu yenyewe. Kabini imekaa juu ya chesisi kwa vipande vya mpira, na bodi la nyuma limefungwa peke yake, kwa hiyo chesisi ikijipinda barabarani kila kimoja husogea kivyake. Halafu kuna chuma. Sauti husafiri hewani kwa mita 340 hivi kwa sekunde, lakini katika chuma hupita takribani mita 5,000. Mgongano wa springi ya nyuma unapanda kwenye chesisi na kutokea chini ya miguu ya dereva, naye anaapa kwamba mlio uko mbele. Ndiyo maana swali la "unasikika wapi?" lina faida ndogo kuliko swali la "unasikika lini?"

Chukua mfano wa pedi za breki. Pedi zilizofungwa bila vile vispringi vidogo vya kuzishikilia (navyo hupotea gereji kwa urahisi wa ajabu) huchezacheza ndani ya kalipa kila gurudumu linapopita kwenye mashimo, na mlio wake haupishani sana na wa boljointi mbovu. Lakini gusa pedali ya breki kidogo tu, bila kusimamisha gari, ukiwa kwenye njia ileile mbovu. Mlio ukikatika papo hapo, umewapata watuhumiwa wako kwenye breki, na hujanunua kitu. Krosi ya propela shafti nayo ina tabia zake: hugonga mara moja unapotoa rivasi na kuingiza gia ya kwanza, au hulia kama kifaranga gari likitambaa, na mlio unaharakisha kadiri gari linavyoharakisha. Ukiinama chini ukaona unga mwekundu wa kutu umetoka kwenye vikombe vya krosi, grisi imekwisha zamani. Bati la ekzosi hutetema gari likiwa limesimama, injini ikiunguruma taratibu, na hunyamaza ukikanyaga mafuta kidogo. Dawa yake ni klipu ya bomba la maji. Shokapu iliyokwisha hujulikana zaidi kwa gari kuendelea kunesa baada ya tuta, au kwa oili iliyovuja mwilini mwake. Ikigonga, mara nyingi ni mipira yake ya juu au ya chini iliyolika.

Sasa fikiria kuyasikia hayo yote wakati mlango wa nyuma unapiga bodi kila mita mbili. Haiwezekani. Kipande cha tyubu kuukuu kikifungwa pale komeo linapoingia, na kingine chini ya kingo za mlango, kelele kubwa kuliko zote imeondoka kwa gharama isiyofika bei ya chai. Ndipo gari linapoanza kusema lililokuwa nalo.

Wapo wanaotumia njia ya mkato: oili chafu. Bushi zikilia, zinamwagiwa oili iliyotolewa kwenye injini, na kweli kesho yake kimya. Hoja yao ni kwamba ni rahisi na inafanya kazi. Inafanya kazi kwa muda, kwa sababu oili ya petroli huingia kwenye mpira wa asili, ukavimba na kulainika hadi ukakatika, na vumbi hujishika juu yake na kuwa msasa. Maji yana manufaa zaidi, si kama dawa bali kama kipimo. Nyunyizia bushi moja tu, mtu mwingine atikise gari. Mlio ukikoma kwa dakika chache, bushi ni hiyo, na jirani zake hawana hatia. Ukifika wakati wa kufunga mpya, zile za mpira ulioshikana na chuma zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari liko hewani, mpira unakuwa umeshajisokota likishushwa, na hautadumu.

Hoja nyingine husikika sana kwa madereva wa mizigo: gari likipakia linanyamaza, basi halina ubovu. Hapa ni lazima kuwa mkali kidogo. Springi za nyuma za pikapu zimetengenezwa kubeba tani moja hivi. Bodi likiwa tupu hazipindi sana, gari linarukaruka na kila kilicholegea kinagonga. Mzigo ukikaa, uzito unaibana bushi iliyolika upande mmoja na kuiziba mdomo. Ulegevu uko palepale, ila sasa umebeba tani nzima. Kwa hiyo kelele za gari tupu ndizo za kusikilizwa, na kimya cha gari lililopakia kisimpe mtu amani.

Inabaki hoja ya uzee, kwamba gari la miaka thelathini halikosi kelele na anayezifukuza anapoteza siku yake. Nakubali nusu yake. Dashibodi iliyokauka kwa jua italia hadi gari liuzwe chuma chakavu, na hakuna haja ya kuivunja kwa ajili hiyo. Lakini zilizobaki zikiwa chache na zinazojulikana, mlio mpya huonekana siku ileile unapozaliwa, mathalani yubolti za springi zinapoanza kulegea wiki chache baada ya kubadilishwa. Zisipokazwa upya, pini ya katikati ya springi inaweza kukatika na ekseli kuhama mahali pake. Dereva aliyezoea makelele hatalisikia hilo.

Lawama ya mwisho nisingependa imwangukie fundi peke yake. Mara nyingi analipwa kwa kufunga kipuri, halipwi kwa kutafuta, na anayemaliza saa nzima chini ya gari akitoka na jibu la "nimekaza nati mbili" anaonekana hajafanya kazi. Basi ukimpelekea pikapu yako wiki ijayo, patana naye kabisa bei ya saa ya kutafuta mlio, na umlipe hata asipokuagiza kununua chochote.