Sarafu ya Tabora: Kadiria Daraja Kabla ya Mizani

Mwenye sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, iliyotengenezwa na Wajerumani huko Tabora wakiwa vitani, ana masoko mawili. Kutoka Upanga hadi kwa masonara wa Kariakoo ni mwendo mfupi, lakini huko mizani ndiyo hupanga bei: gramu 7.168, ambazo robo tatu tu ni dhahabu.

Wakusanyaji wa ng'ambo hulipia hali ya sarafu. Kampuni za PCGS na NGC za Marekani huipa daraja kuanzia 1 hadi 70. 60 na kuendelea ni kwa ile ambayo haikutumika.

Kwa kuwa ada hulipwa vyovyote matokeo yatakavyokuwa, ni busara mwenye mali akadirie kwanza. Achukue lenzi, atazame sehemu zilizoinuka: mwili wa tembo upande mmoja, manyoya ya tai upande wa pili. Zikiwa zimelika, daraja limeshuka.

Asiisugue kamwe. Iliyosuguliwa hurudi na maelezo ya kasoro, bila namba. Na kwa sonara, mng'ao huo hauongezi uzito.