Pikapu Mpya Hula Mafuta Kiasi Gani?

(MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNAPUNGUA TARATIBU.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya gari. Najua wengi mtasema, "Mimi hata baiskeli sina, gari la nini?" Subirini kidogo. Jambo tutakalolisema leo lilitaka kumfukuzisha mtu kazi na kumpa jina la mwizi, na kosa lilikuwa kwenye hesabu.

Wiki kadhaa zilizopita tulipata ujumbe kutoka kwa ushirika mmoja wa wakulima wa mahindi kusini magharibi mwa Uganda. Ndani yake wamo Wakongo, Warundi na wenyeji Waganda. Walichanga pesa kwa misimu kadhaa, mfadhili akaongeza nusu, wakanunua pikapu mpya ya dizeli. Dizeli, au mazutu kama wengine wetu tunavyoita. Hatutawataja kwa jina, wametuomba hivyo.

Muuzaji aliwaambia gari hilo linakwenda kilomita 12 na nusu kwa lita moja. Hakuwadanganya: imeandikwa hivyo kwenye hati ya kiwanda. Safari yao ya kwenda mjini na kurudi ni kilomita 120. Kamati ikapiga hesabu: lita 10 zinatosha, na kidogo kinabaki. Dereva akaenda, akarudi, akasema ametumia lita 15. Safari ya pili, 15. Ya tatu, 15. Mhasibu akauliza, "Hizo lita 5 zinakwenda wapi kila safari?"

(MLIO WA INJINI YA DIZELI, SEKUNDE 5)

MTANGAZAJI: Mnajua jibu ambalo watu walilifikiria. Mpira wa kunyonyea mafuta, dumu la lita 5, na mteja anayesubiri gizani. Kwa mwezi mmoja wenye safari 12 zilikuwa zimepotea lita 60. Lita moja walikuwa wakiinunua kwa shilingi 5,000, kwa hiyo ni shilingi 300,000. Kamati ikamkata dereva pesa hizo kwenye mshahara na kumwambia akae nyumbani kwanza. Kabla ya kumfukuza kabisa, katibu wao akatuandikia. Nasi tukamtafuta fundi wa magari mwenye miaka mingi ya kuendesha na kutengeneza magari ya mizigo. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante, dada. Niwaamkie wasikilizaji wote, wakubwa shikamooni.

MTANGAZAJI: Fundi, karatasi ya kiwanda inasema kilomita 12 na nusu. Barabarani gari linatoa 8. Nani mwongo?

FUNDI: Hakuna mwongo hapo. Ile namba haikupatikana barabarani. Gari linapelekwa ndani ya chumba maalumu, magurudumu yanawekwa juu ya rola zinazozunguka, na dereva anafuata ratiba: ongeza mwendo, punguza, simama, ongeza tena. Gari lenyewe haliendi popote. Hakuna vumbi, hakuna matope, hakuna mlima, hakuna gunia hata moja nyuma. Kiyoyozi kimezimwa. Mashine inapima moshi, na kutokana na moshi wanajua mafuta yaliyoungua.

Ule mtihani wa zamani wa Ulaya, ambao namba zake bado mtaziona kwenye hati za magari mengi, ulichukua dakika 20 na kilomita 11 tu. Wastani wa mwendo wake ni kama kilomita 33 kwa saa. Gari linatembea polepole, kwa upole, kama mtu aliyebeba mayai. Wazungu wenyewe walilalamika kwamba namba haifanani na maisha, wakaanza mtihani mwingine mgumu zaidi mwaka 2017. Huo mpya ni kilomita 23, na mwendo unapanda mpaka kupita 130 kwa saa. Hata huo haubebi mahindi.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo namba ile ina kazi gani?

FUNDI: Ni ya kulinganisha gari na gari. Kama hii imepata 12 na ile 10 katika mtihani uleule, basi hata huku kwetu ya kwanza itakula kidogo kuliko ya pili. Lakini ukiichukua ukapangia bajeti ya safari, utaumia. Na uangalie pia namba imeandikwa kwa lugha gani. Hati nyingi haziandiki kilomita kwa lita. Zinaandika lita kwa kilomita 100. Ukiona 8, ni lita 8 kwa kilomita 100. Chukua 100 ugawe kwa 8, unapata 12 na nusu. Hapo namba ndogo ndiyo nzuri. Nimeona watu wakifurahia gari la 14 wakidhani ni kilomita 14 kwa lita, kumbe ni lita 14 kwa kilomita 100. Hilo ni kilomita 7 tu!

MTANGAZAJI: Na ndugu zetu waliokwenda Marekani? Wengine wamenunua pikapu huko, wanatutumia picha, wanasema inakwenda 20.

FUNDI: (ANACHEKA) Hiyo 20 ni maili kwa galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, na maili moja ni kilomita 1.6. Zidisha maili zake kwa 0.425. Kwa hiyo 20 yake ni kilomita 8 na nusu kwa lita. Msimwonee wivu. Nyingi za huko zinatumia petroli, na lita ya petroli ina nguvu pungufu kuliko lita ya dizeli. Jambo moja niwasifu: tangu magari ya modeli ya mwaka 2008, namba wanazobandika kwenye kioo zinahesabu pia mwendo mkali, kiyoyozi na baridi. Zinakaribia ukweli zaidi.

MTANGAZAJI: Turudi kwa ushirika wetu. Zile lita 5 zilikwenda wapi?

FUNDI: Nilizungumza na dereva kwa simu. Nikamwambia anieleze safari kuanzia anapowasha mpaka anapozima. Asubuhi anapakia magunia 10 ya kilo 100. Hiyo ni tani moja. Pikapu ya namna ile yenyewe tupu ina kama tani mbili. Maana yake injini sasa inavuta tani tatu. Kila mlima mmoja, inapandisha uzito mara moja na nusu. Na nchi ile ni ya vilima. Ukishuka huyarudishiwi mafuta uliyopandia, kwa sababu unayamaliza kwenye breki.

Halafu barabara. Nusu ya njia ni ya vumbi, ina mashimo na makorongo. Kila shimo anapunguza, anashuka gia, anakanyaga tena mafuta. Kumfikisha mzigo wa tani tatu kwenye mwendo, kuupunguza, na kuufikisha tena, hapo ndipo mafuta yanapoishia. Nikamwuliza, "Mvua ikinyesha unafanyaje?" Akasema anaingiza magurudumu yote manne. Vizuri, ndiyo kazi yake. "Ukifika lami unaitoa?" Akanyamaza.

MTANGAZAJI: Alikuwa anasahau.

FUNDI: Anasahau mara nyingine. Kwenye lami kavu hiyo ni mafuta na ni gia zinazoumia pia. Kisha akifika lami anataka kufidia muda, anakwenda 100 na zaidi. Hapa nataka watu wanisikilize. Gari likikimbia linasukuma hewa. Ukitoka 80 ukaenda 100, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini hewa inakusukuma nyuma zaidi ya mara moja na nusu. Na yeye magunia yamepangwa kupita urefu wa kibanda, turubai linapiga piga. Ni kama kukimbia umeshika mwavuli uliofunguka.

MTANGAZAJI: Na kwenye mashine ya kusaga?

FUNDI: Hapo kwanza nilicheka. Wanasubiri foleni saa moja, saa mbili, injini inanguruma. Kwa nini? Kiyoyozi, na utingo anachajia watu simu! Gari linalonguruma bila kutembea linaweza kumaliza kama lita moja kwa saa. Kilomita hapo ni sifuri.

Tena gari lilikuwa jipya kabisa. Injini mpya na gia zake bado zina ugumu. Inaweza kuchukua kilomita 5,000 mpaka 8,000 ndipo itulie. Huo si mchango mkubwa, lakini upo. Upepo wa matairi nao hakuna aliyeupima tangu siku ya kununua. Tairi lililolegea linafanya gari livutike kama mkokoteni kwenye mchanga.

MTANGAZAJI: Kwa hiyo dereva hakuiba?

FUNDI: Dada, kwa simu siwezi kuapa. Mimi nilisema tupime.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, shikeni kalamu. Fundi, kupima kunafanywaje? Maana wengi hutazama mshale wa tangi tu.

FUNDI: Mshale ni wa kukukumbusha usikwame, hauhesabu. Na ile namba inayoandikwa yenyewe kwenye dashibodi, mara nyingi hulipendelea gari kidogo. Dawa ni kujaza mpaka kujaa. Nenda sheli, simamisha gari pahala palipo sawa, jaza tangi. Pampu ikijikata yenyewe mara ya kwanza, acha hapo hapo. Usitikise gari, usiongeze ya kuzungusha hesabu ya pesa. Andika namba ya kilomita. Tembea kama kawaida. Ukirudi, nenda sheli ileile, pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Lita zilizoingia sasa ndizo ulizotumia. Andika kilomita mpya, toa zile za zamani, gawa kwa lita.

MTANGAZAJI: Safari moja inatosha?

FUNDI: Haitoshi. Pampu inaweza kujikata mapema au kuchelewa kwa lita moja au mbili. Ukiwa umetumia lita 10 tu, kosa la lita 2 ni sehemu moja ya tano. Unaweza kumfunga mtu kwa kosa la pampu. Ukiwa umetumia 45, kosa lilelile ni dogo. Kwa hiyo tembea safari tatu ndipo ujaze, na fanya hivyo mara tatu. Na kama mmebadilisha matairi mkaweka makubwa kuliko ya kiwandani, saa ya kilomita itahesabu pungufu, gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo.

MTANGAZAJI: Na kama sheli yenyewe ndiyo inayopunja?

FUNDI: Jaribu sheli nyingine ulinganishe. Pampu hukaguliwa na serikali: Uganda ni shirika la viwango, UNBS, Tanzania ni Wakala wa Vipimo. Malalamiko yapelekwe huko, ukiwa na risiti.

MTANGAZAJI: Ushirika ulikubali. Dereva akarudishwa kwa muda, na kila safari mwenyekiti au mhasibu alikaa mbele pamoja naye, na daftari mkononi. Nawasomea walivyotutumia. Kujaza kwa kwanza, wakiendesha kama zamani: kilomita 360, lita 45. Yaani kilomita 8 kwa lita. Namba ileile ya dereva, na safari hii mhasibu alikuwa amekaa pembeni yake.

Baadaye wakapima upepo wa matairi, wakapanga magunia chini, wakakubaliana 80 kwenye lami na injini izimwe kwenye foleni. Kujaza kwa pili: kilomita 366, lita 42. Kwa tatu: kilomita 354, lita 41. Jumla kilomita 1,080 kwa lita 128. Fundi?

FUNDI: Ni 8.4 kwa lita. Kwa mzigo ule na njia ile, hilo ni gari zima kabisa. Mimi mtu akinionyesha namba ya kiwanda, na kazi ni mzigo na vumbi, naondoa theluthi moja kabla sijaanza hesabu yoyote. 12 na nusu ukiondoa theluthi, unabaki na 8 na kitu. Ukipata zaidi, mshukuru Mungu na dereva.

MTANGAZAJI: Na tukipata pungufu ya hapo?

FUNDI: Ikiteremka ghafla, leo 8 wiki ijayo 6, hapo kuna jambo. Kichujio cha hewa kimeziba vumbi, breki inashika, nozeli imeharibika, au kweli kuna mpira wa kunyonyea. Lakini utajua kwa sababu una daftari. Bila daftari la miezi iliyopita utaanza kutazamana usoni na watu.

MTANGAZAJI: Kulikuwa na jambo jingine ambalo kamati haikuliona. Nauli ya gunia waliipanga kwa kuhesabu lita 10 kwa safari. Safari ikila lita 15, pengo ni shilingi 25,000, na kwa magunia 10 ni shilingi 2,500 kila gunia. Walikuwa wakisafirisha mahindi ya wanachama kwa hasara. Wamekaa mkutano, sasa wanahesabu lita 14 na nusu, na nauli imepanda. Si wote waliofurahi.

Na dereva? Katibu anaandika kwamba wamemrudishia shilingi 150,000, nusu nyingine atalipwa mahindi yakiuzwa. Mwenyekiti alimwomba radhi mbele ya mkutano. Dereva amekubali kurudi kazini kwa sharti moja: daftari likae ndani ya gari, na kila anayelipia mafuta aweke sahihi pamoja naye.

Fundi, asante sana.

FUNDI: Asanteni, tutaonana.

MTANGAZAJI: Wiki ijayo fundi atarudi kutueleza juu ya pikipiki za kubeba abiria, na mafuta ya injini yanapaswa kubadilishwa lini. Tuleteeni maswali yenu. Kwaherini.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)