Kubana na Kubanua: Istilahi za Mafaili ya Kompyuta Zilizopimwa Naliendele

Katika orodha ya dhana za kompyuta tunazozishughulikia robo hii, imo moja iliyotusumbua kuliko nyingine zote. Ni ile ya programu kusoma na kuandika faili lililopunguzwa ukubwa bila ya mtumiaji kulifungua kwanza kwa mkono. Tulikwenda nayo Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, kwa kuwa istilahi hupimwa vyema zaidi mahali inapofanya kazi, nasi tunaona inafaa kumweleza msomaji tuliyoyafikia kabla mapendekezo hayajawekwa mbele ya kamati.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ndicho kiongozi wa utafiti wa korosho nchini. Utafiti wa aina hiyo huzaa majedwali marefu mno: mti kwa mti, wiki kwa wiki, kiwango cha ubwiriunga, kiasi cha salfa kilichopulizwa, uzito wa mavuno. Tuseme jedwali moja lina mistari elfu arobaini, na katika kila mstari limeandikwa jina la shamba na jina la ugonjwa. Sehemu kubwa ya faili hilo, basi, ni marudio matupu.

Hapo ndipo ilipo siri ya upunguzaji. Njia inayotumiwa na programu ya gzip, iliyotolewa mwaka 1992 na Jean-loup Gailly na Mark Adler, haikamui wala haishindilii chochote. Inapokutana na neno lililokwisha kupita, haiandiki neno hilo tena. Huandika agizo fupi lenye maana ya "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa". Kisha alama zinazotokea mara nyingi hupewa tarakimu chache, na zile za nadra hupewa nyingi, kwa utaratibu uliobuniwa na David Huffman mwaka 1952. Ndiyo maana jedwali la mavuno hupungua sana, ilhali picha ya jani la mkorosho iliyopigwa kwa simu haipungui hata kidogo cha kutajika: picha hiyo ilikwisha kupunguzwa ndani ya simu yenyewe.

Sasa tuliiteje kazi hii? Tulikuwa na maneno manne mezani: kugandamiza, kushindilia, kufinyaza na kubana. Kwa haki, hakuna hata moja linaloeleza kinachotendeka. Yote yanatuchorea robota la pamba chini ya shinikizo. Lakini istilahi haidaiwi kuwa maelezo kamili. Sisi tulichagua kubana kwa sababu ya sarufi. Kiswahili kina kiambishi cha kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Bana nalo lina banua, neno lililomo katika lugha tangu zamani. Kufinyaza hakutupi mwenzi wake, wala kugandamiza. Tungelazimika kusema "kuondoa mfinyazo", na fundi mwenye haraka asingelisema hata siku moja. Hivyo tunapendekeza mbano kwa kazi ya kwanza, mbanuo kwa kinyume chake, na faili bano kwa matokeo. (Mtwara tulichekwa kidogo, maana masikioni mwa wakazi wa huko kubanua ni jirani wa kubangua, na korosho iliyobanguliwa hairudi tena ndani ya ganda lake. Faili hurudi.)

Ugumu wenyewe ulikuja baadaye. Wanaoandika kwa lugha za skripti, yaani lugha ambazo maagizo yake husomwa na kutekelezwa hapo hapo, hawapendi kubanua jedwali zima kwenye diski ndipo walisome. Katika lugha ya Python, mahali pa kuandika open huandikwa gzip.open, na mistari huanza kutiririka mmoja mmoja kana kwamba faili halikuwahi kubanwa. Waingereza huiita tabia hii kwa neno lao la kioo: kitu unachokipenya kwa macho pasipo kukiona. Mfasiri wa haraka atakimbilia "uwazi". Hapo atapotosha kabisa, kwa sababu kwetu jambo la wazi ni lile linaloonekana na kila mtu, na hili ni lile lisiloonekana na yeyote! "Uangavu" una afadhali, ila nao husifu mwanga. "Chini kwa chini" kunanuka njama. Tumeona tuseme mbano wa ndani kwa ndani na mbanuo wa ndani kwa ndani.

Hatubishani kwa ajili ya kupamba kamusi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kazi hii ni ya wazi, atadhani kila alichoandika kimekwisha kuonekana diskini. Sivyo. Wakati wa kuandika, sehemu ya mistari hungoja kumbukumbuni mpaka faili lifungwe. Umeme ukikatika katikati, faili hubaki bila mkia, na siku ya kulisoma Python husimama na kulalamika kwamba mwisho haukufikiwa. Mistari ya mwanzo huweza kuokolewa. Ya mwisho imepotea, pamoja na miti iliyopimwa siku hiyo.

Tena kusoma na kuandika si ndugu wa sawasawa. Lugha ya R, inayopendwa na wanatakwimu, ikipewa faili bano ili ilisome kwa amri yake ya kawaida ya file, hulitambua yenyewe kwa baiti za mwanzo, ambazo kwa gzip ni 31 na 139. Katika kuandika hakuna baiti za kutazama, kwa kuwa faili bado halijazaliwa. Mwandishi hana budi kutamka nia yake kwa kutumia gzfile. Maktaba ya pandas ya Python hufuata njia nyingine: hutazama jina tu, na likiishia na .gz hubana au hubanua. Mtu akibadilisha jina bila kubadilisha kilichomo, atalia.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia jina. Katika mkia wa faili la gzip zimo baiti 8: 4 za urefu wa awali, na 4 za hesabu inayothibitisha kwamba kilichobanuliwa ni kile kile kilichobanwa. Mkulima wa Mtwara anaijua kazi hiyo tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007: uzito ulioandikwa hulinganishwa na uzito uliopo. Wenzetu wengine wamependekeza "hesabu shahidi", wengine "jumla ya ukaguzi". La kwanza linatuvutia, ingawa baiti hizo si jumla wala hazishuhudii chochote mpaka ziulizwe. Wasomaji wanaolitumia jambo hili kazini watuandikie wanavyoliita.