Bei ya Kifurushi na Bei ya Vipande: Namna ya Kupima Gharama za Safari ya Mapumziko



Kila mwaka, miezi ya likizo za shule inapokaribia, kamati za mikopo za vyama wanachama hupokea maombi ya namna moja ambayo si rahisi kuyapima. Mwanachama anayeishi Marekani au Kanada, ambaye bado anaweka hisa na akiba zake katika chama cha nyumbani, huomba mkopo ili awapeleke watoto wake kwenye bustani kubwa za burudani zilizoko Orlando, katika jimbo la Florida. Ombi huambatanishwa na karatasi moja ya wakala wa safari, na katika karatasi hiyo mna tarakimu moja tu: jumla. Hoteli imo, tikiti za bustani zimo, chakula kimo. Lakini kila kimoja ni kwa bei gani, karatasi haisemi.

Kamati ifanye nini? Wako wajumbe wanaoamini kwamba vitu vilivyofungwa pamoja hapana budi viwe rahisi kuliko vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Wako wengine wanaoamini kwamba kila kifurushi ni mtego wa wafanyabiashara. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea katika jambo lile lile: zimetoa hukumu kabla ya kupiga hesabu.

KIFURUSHI SI SAWA NA KUNUNUA KWA JUMLA

Yafaa kwanza ieleweke tofauti iliyopo kati ya mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Chama kinaponunua magunia 1,000 ya mbolea hupata nafuu, kwa sababu kinanunua kitu kimoja kwa wingi. Anayenunua kifurushi cha safari hanunui wingi. Ananunua vitu mbalimbali, kila kimoja kwa kiasi kidogo, vilivyofungwa katika kamba moja. Kamba peke yake haipunguzi bei.

Historia yatoa ushahidi. Tarehe 5 Julai 1841, Mwingereza Thomas Cook alikodi treni kuwachukua watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, kwa shilingi moja kila mmoja. Hapo palikuwa na nafuu ya kweli, kwa sababu palikuwa na wingi wa kweli: watu 500 walisimama pamoja mbele ya mwenye treni. Lakini baba na mama wenye watoto wawili, wanaoletewa karatasi ya wakala, hawana wingi huo mikononi mwao. Ikiwa wakala ameupata, ni juu yake kuonyesha kwamba nafuu imewafikia.

Bustani zenyewe zimejaribu njia zote mbili. Disneyland ilipofunguliwa California mwezi Julai 1955, mgeni alilipa kiingilio, kisha akalipia michezo mbali. Baadaye vilitumika vitabu vya tikiti zenye herufi. A ilikuwa ya mchezo mdogo, na E ya mchezo uliotamaniwa kuliko yote. Walt Disney World ya Florida, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, ilianza kwa desturi hiyo hiyo. Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50. Utaratibu wa vitabu ulikomeshwa mwaka 1982, ukafuatwa na tikiti moja iliyofungua michezo yote.

Badiliko hilo lamfaa nani? Kijana anayepanda mitambo kumi kwa siku amefaidika. Bibi anayekaa kwenye benchi akiwashikia wajukuu mikoba amelipa sawasawa na kijana yule. Hii ndiyo tabia ya kila kifurushi: atumiaye kidogo humlipia atumiaye kingi. Swali la kwanza kwa mwanachama, basi, ni hili: Je, katika safari hii, nyumba yangu ni ya kijana au ya bibi?

YALIYOMO NA YASIYOKUWAMO

Kifurushi cha Orlando kwa kawaida huwa na chumba cha hoteli na tikiti za bustani. Mpango wa chakula huongezwa kwa atakaye. Kila kimoja kina mambo yake.

Tikiti. Tangu mwaka 2018, bei ya tikiti za Walt Disney World hutegemea tarehe. Siku za msongamano ni ghali kuliko siku za utulivu. Tikiti ya siku nyingi hupunguza bei ya kila siku. Mtoto aliye chini ya miaka 3 haingii kwa tikiti. Wa miaka 3 hadi 9 hulipa bei ya mtoto. Afikishaye miaka 10 huhesabiwa mtu mzima. Kadhalika, Orlando si bustani moja. Walt Disney World pekee ina bustani kuu nne, na Universal, mmiliki mwingine kabisa, yupo hapo tangu mwaka 1990 na alifungua bustani mpya tarehe 22 Mei 2025. Kifurushi cha mmiliki mmoja hakimfai anayetaka kugawa siku zake baina ya wawili.

Chakula. Mpango wa chakula wa Walt Disney World ulianza mwaka 2005, ukasimamishwa mwaka 2020, ukarudishwa Januari 2024. Wafaa kwa walaji wakubwa wanaopenda kuketi mezani na kuhudumiwa. Lakini bustani hizo huruhusu mgeni kuingia na chakula chake na vinywaji visivyo na kileo, mradi havimo katika vyombo vya kioo, na maji ya kunywa hutolewa bure kwenye migahawa ya kaunta. Mama mwenye mkate, matunda na chupa za maji tayari amepunguza sehemu kubwa ya gharama hiyo.

Usafiri. Kuanzia mwaka 2005 wageni wa hoteli za Disney walichukuliwa bure kwa basi kutoka uwanja wa ndege wa Orlando, mwendo wa kiasi cha kilometa 30. Huduma hiyo ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2022. Vivyo hivyo ruhusa ya kupita njia fupi ya foleni, iliyotolewa bila malipo tangu mwaka 1999, imekuwa ya kulipiwa tangu mwaka 2021. Anayekumbuka safari ya zamani asidhani kwamba kilichokuwamo wakati ule kingalimo.

MFANO WA HESABU

Tuchukue mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu, wala si bei za kampuni yoyote. Baba, mama, mtoto wa miaka 12 na mtoto wa miaka 7 wanataka kulala usiku 5 na kuingia bustanini siku 4. Kifurushi ni dola 3,900. Mwanachama ameomba bei ya kila kipande, kwa hoteli ile ile na tarehe zile zile, akapata hivi:

Chumba, usiku 5 kwa dola 250: dola 1,250
Tikiti 3 za watu wazima kwa dola 455: dola 1,365
Tikiti 1 ya mtoto: dola 435
Mpango wa chakula, siku 5: dola 950
Jumla: dola 4,000

Kwa anayetaka vyote, kifurushi kimemwokolea dola 100. Asikidharau. Lakini tuseme familia hii itakula asubuhi chumbani na kununua mlo mmoja bustanini, kwa dola 110 kwa siku. Chakula kitakuwa dola 550 badala ya 950, na safari nzima dola 3,600. Vipande sasa vimeshinda kwa dola 300.

Akatokea ndugu akashauri: "Hamieni hoteli ya nje, chumba ni dola 140 tu." Yaonekana kana kwamba wameokoa dola 550. Tuhesabu yote:

Chumba, usiku 5: dola 700
Ada ya lazima ya hoteli, dola 30 kwa usiku: dola 150
Kuegesha gari bustanini, siku 4 kwa dola 30: dola 120
Kukodi gari na mafuta, dola 45 kwa siku: dola 225
Jumla: dola 1,195

Wameokoa dola 55 tu, na kila asubuhi watapambana na barabara. Hata hivyo, ikiwa wamefika Florida kwa gari lao wenyewe, dola 225 za kukodi na mafuta zatoka katika hesabu, na nafuu yawa dola 280. Hoteli ni ile ile. Kilichobadilika ni hali ya msafiri.

Mfano huu waonyesha kwamba kutenganisha vipande hakuleti nafuu kwa muujiza. Nafuu hutoka mahali patatu tu: kuacha usichokihitaji, kupata kipande kile kile kwa bei ndogo kwa muuzaji mwingine wa kuaminika, au kutumia punguzo ambalo kifurushi hakilikubali. Asiyeweza kutaja nafuu yake imetoka wapi kati ya hapo, bado hajaipata.

Neno moja juu ya ada za hoteli. Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni za serikali ya Marekani zawataka wenye hoteli kuonyesha tangu mwanzo bei pamoja na ada zote za lazima. Kodi za serikali, hata hivyo, zaweza kuongezwa baadaye. Ulizeni.

KILE KIFURUSHI KINACHOKUPA PASIPO KUONEKANA

Haitakuwa haki kukipima kifurushi kwa fedha za kulipa peke yake. Yako mambo mawili mengine.

La kwanza ni ulinzi. Kampuni ya Thomas Cook, iliyochipuka kutokana na safari ile ya 1841, ilifilisika tarehe 23 Septemba 2019, na Waingereza wapatao 150,000 walikuwa ugenini. Serikali yao iliwarudisha. Waliokuwa hawajasafiri, wenye vifurushi vilivyolindwa kwa sheria, walirejeshewa fedha zao. Wengi walionunua kiti cha ndege peke yake bila ulinzi huo walilazimika kudai kwa benki au kwa kampuni za bima. Na yafaa wanaushirika wakumbuke kwamba mwaka 2011 maduka ya safari ya ushirika mkubwa wa Uingereza yalikuwa yameunganishwa na ya Thomas Cook. Kibao kizuri mlangoni hakiondoi wajibu wa kuuliza: "Mkifilisika, fedha yangu iko wapi?" Sheria hiyo ni ya Uingereza, haimfuati mnunuzi kila aendako.

La pili ni wakati wa kulipa. Kwa masharti yaliyozoeleka ya Walt Disney World, kifurushi hufungwa kwa arubuni ya dola 200, na salio hulipwa siku 30 kabla ya kufika. Chumba peke yake hutaka arubuni ya usiku mmoja, na anayevunja safari mapema, siku 5 au zaidi, hurudishiwa. Kwa upande wa chumba, basi, vipande vina masharti mepesi zaidi. Lakini tikiti zikinunuliwa peke yake hulipwa zote papo hapo, wala fedha hairudishwi.

Kwa mtu anayelipa kwa mkopo, jambo hili ni zito. Tikiti za dola 1,800 zikinunuliwa miezi 5 kabla ya wakati uliohitajika, kwa mkopo wenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi, zimeongeza dola 90. Karibu theluthi ya ile nafuu ya dola 300 imekwenda. Dawa yake si kukimbilia kifurushi, bali ni kununua tikiti kwa akiba, na kuuacha mkopo hadi siku ya haja.

UTARATIBU TUNAOUPENDEKEZA

Kamati za mikopo zimwombe kila mwanachama anayetaka mkopo wa safari atimize haya:

1. Alete bei ya kifurushi pamoja na bei ya kila kipande, kwa tarehe zile zile, hoteli ile ile na idadi ile ile ya watu, kodi na ada zikiwamo. Bei za siku mbili tofauti hazilinganishwi.

2. Atie alama kwenye kila kipande ambacho nyumba yake haitakitumia, na aandike badala yake gharama halisi ya kile atakachofanya.

3. Aongeze yale yaliyo nje ya karatasi: usafiri kutoka uwanja wa ndege, maegesho, na mikoba ya ndege.

4. Aonyeshe kwa kila kipande tarehe ya kulipa, na siku ya mwisho ya kuvunja safari bila hasara.

5. Aseme ni nani atakayemrudishia fedha muuzaji akishindwa.

6. Aombe mkopo kwa awamu, kwa kufuata tarehe hizo, badala ya kuchukua jumla yote siku moja.

Utaratibu huu haufai kwa Florida tu. Familia inayotoka Nairobi kwenda kupumzika pwani yaweza kununua tikiti za treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2017, ikatafuta nyumba ya kupanga Mombasa na kujipikia. Au yaweza kuchukua kifurushi cha wakala. Hesabu ni ile ile, na fomu ni ile ile.

Ndugu, mkulima anapoletewa hati ya malipo ya mazao yake, hatosheki na tarakimu ya mwisho. Hutaka kuona bei ya kilo, uzito, na kila kato. Waanzilishi wa Rochdale walipofungua duka lao Desemba 1844, shabaha yao haikuwa kuuza rahisi tu. Walitaka bidhaa isiyochanganywa na mizani isiyodanganya. Watoto wetu wana haki ya kucheza, na wazazi wana haki ya kukopa ili wafurahi pamoja. Lakini deni la safari hulipwa kwa miezi mingi baada ya picha kusahauliwa. Jumla isiyo na mchanganuo si bei, ni fumbo. Na fedha za wanachama hazikopeshwi kwa mafumbo.