Mtafiti akinukuliwa mara maelfu, ndiyo kusema mjadala umekwisha?

Tangu Machi 2023, mabishano yetu ya asili ya Waswahili yamepata silaha mpya. Mwezi huo jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Mabaki yao yalitoka katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, na mji mmoja wa bara. Miongoni mwa viongozi wa utafiti huo ni mwanaakiolojia Mkenya, Chapurukha Kusimba, na mtaalamu wa jenomu, David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard.

Barazani nasikia hoja moja ikirudiwa: "Reich amenukuliwa na wanasayansi maelfu. Wewe nani hata umpinge?" Hoja hiyo yafaa tuipime.

Mwanasayansi akitumia kazi ya mwenzake, huitaja katika makala yake. Kila kutajwa huhesabiwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo kiitwacho h. Tuseme mtafiti ana makala tano, zilizonukuliwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Kipimo chake ni 4, kwa sababu makala zake nne zimenukuliwa angalau mara nne kila moja. Ile ya mara 40 haimpandishi peke yake. Kwa hiyo kipimo hiki humtofautisha mwenye kazi nyingi zinazotumika na aliyebahatika mara moja.

Lakini tuangalie nukuu zatoka wapi. Mwaka 2006 Reich na wenzake walichapisha katika Nature Genetics njia ya kihesabu ya kuwasaidia watafiti wa magonjwa. Ukilinganisha vinasaba vya wagonjwa na vya wazima, tofauti za asili za watu zaweza kukupoteza, ukadhani umepata chanzo cha ugonjwa. Njia hiyo hurekebisha kosa hilo. Makala yake imenukuliwa mara maelfu, kwa kuwa kila anayeitumia huitaja. Anayechunguza kisukari huongeza nukuu kwa Reich bila kujua Manda iko wapi.

Yako mambo mengine. Makala za jenomu huandikwa na makumi ya watu, na kila mmoja huhesabiwa nukuu zote, awe aliongoza kazi au alisaidia sehemu ndogo. Anayenukuu ili kupinga pia huongeza hesabu. Na wanaochimba magofu ya pwani ni wachache mno kuliko watafiti wa jeni za magonjwa. Ukimlinganisha mwanaakiolojia na mtaalamu wa jenomu kwa nukuu, ni sawa na kupima nazi kwa pishi.

Simdharau Reich. Rekodi yake yaonyesha kwamba zana zake zimejaribiwa na wengi, na hilo ni sababu nzuri ya kumsikiliza. Ila haitoshi kuwa jibu la swali letu. Jibu litafutwe ndani ya makala yenyewe.

Humo mna mambo mazito. Kwa wengi wa watu wale wa pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vilitoka Afrika, hasa kwa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, na asilimia 80 hadi 90 ya sehemu hiyo ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza kufikia mwaka 1000 hivi. Anayedai sisi ni wageni watupu hapati ushahidi humo, wala anayedai kwamba simulizi za wazee kuhusu Washirazi ni uzushi mtupu.

Pia kuna mpaka. Wengi walipimwa kutokana na makaburi ya watu wenye hadhi katika miji ya mawe. Mvuvi na mkulima wa kijijini hawakuwakilishwa ipasavyo. Makala hiyo hata ikinukuliwa mara milioni, makaburi yatabaki yale yale.

Basi ndugu yangu, ukitajiwa nukuu barazani, uliza maswali matatu: ni nani waliopimwa, ni wangapi, na walizikwa wapi?