Je, Wajua? Sungura wa Nyika na Popo wa Pemba

Je, wajua kwamba popo wa Pemba akitanua mabawa hufikia takriban mita moja na nusu toka ncha hadi ncha, ilhali uzito wake ni nusu kilo na ushei? Sungura wa nyika (yule wa Serengeti, si huyu wa kibandani) hufika kilo 2 hadi 3.

Popo huyu haishi kwingine kokote duniani ila Pemba. Wanasayansi walimpa jina la *Pteropus voeltzkowi* mwaka 1909.

Wanaosema popo ni kipofu hawajamwona huyu. Ana macho makubwa, na chakula hukitafuta kwa macho na pua. Kutoa sauti na kusikiliza mwangwi ni kazi ya popo wadogo wala wadudu.

Sungura si jamii ya panya. Mfunue mdomo: nyuma ya meno makubwa ya mbele ya juu kuna mengine mawili madogo, ambayo panya hana.

Sungura hula kinyesi chake! Si zile punje kavu tunazoziona njiani, bali kile laini, anachokipokea kwa mdomo kikitoka, ili tumbo lichuje tena virutubisho. Popo naye hulibana embe kwenye kaakaa, akanywa maji yake na kutema makapi.

Usingizini popo hatumii nguvu kuning'inia: uzito wake wenyewe huvuta kano za miguu, kucha zikajifunga tawini. Na haja ikimbana je? Hujigeuza kichwa juu, akajishika kwa vidole gumba, akamaliza, akarudi chini. Ustaarabu ulioje!

Sungura wa nyika hachimbi shimo. Watoto huzaliwa juu ya ardhi wakiwa na manyoya na macho wazi, na mama huwaacha wamejibanza majanini. Mtoto wa popo hung'ang'ania kifua cha mama yake, hata angani.

Sungura huzaa mara kadhaa kwa mwaka. Popo wa Pemba huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Ndiyo maana bunduki za wawindaji wa kitoweo zilikaribia kummaliza: mwaka 1996 aliorodheshwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wanavijiji wakaanza kumlinda, na kufikia 2008 alikuwa ameshushwa ngazi mbili katika orodha hiyo. Leo, kule Kidike kisiwani Pemba, mgeni hulipa kiingilio kwenda kumtazama.